Hofu ya Meja Zephaniah

Zephaniah Gakuru alikuwa mwoga tangu utotoni, na aliwahi kukiri hivyo kwa kinywa chake kwa mtu mmoja tu, mkewe. Wengine wote waliona bega pana na nyota za jeshi, wakaridhika.

Kwao ni upande wa Ol Kalou, nchini Kenya, ambako ukoo wake na majirani wachache walishika dini ya Kiyahudi. Walipumzika Jumamosi na kusali kwa Kiebrania chenye lafudhi ya Kikuyu. Shuleni mwalimu alimwambia hakuna Myahudi mweusi, achague kanisa kama watoto wengine. Mama yake, Mumbi, alipopata kazi ya kutunza wazee London, alimchukua mara tu alipomaliza sekondari, wakakaa Tottenham katika fleti ya kupanga ya halmashauri ya mtaa.

"Hapa usitangaze sisi ni kina nani," Mumbi alimwonya. "Huu weusi wetu peke yake unatosha kututafutia maneno."

Kijana akasikia kuwa jeshi la Uingereza linachukua watu wa Jumuiya ya Madola, akajiandikisha. Mumbi alilia.

"Wewe, unayeogopa hata mbwa wa jirani?"

Zephaniah alifunga begi lake akaenda. Alidhani ukivaa magwanda hofu hubaki getini. Haikubaki. Walipokuwa wakichongewa vibati vya utambulisho vya shingoni, karani alimuuliza dini yake, naye akasema nafasi ile iachwe wazi. Alikuwa amesikia yanayowapata mateka wa Kiyahudi.

Afghanistan alipewa kazi ya kuwatangulia wenzake na kifaa cha kutambua chuma, akitafuta mabomu yaliyofukiwa njiani. Asubuhi moja, katikati ya shamba la mahindi, bomu lilimkata mguu sajini wake, Noel. Hakuna aliyethubutu kupiga hatua, maana huenda palikuwa na mengine. Zephaniah, mwenye kifaa, ndiye aliyepaswa kwenda. Alitambaa kwa tumbo, akichokoa udongo kwa ncha ya kisu, huku Noel akimwita jina. Meno yalimgongana hadi akajiuma ulimi. Alifika, akamfunga mguu, na alipokuwa akimvuta kurudi akajisikia anasali kwa sauti, Kiebrania cha babu yake, kikosi kizima kikisikia.

"Ile ilikuwa lugha gani?" Noel alimuuliza baadaye hospitalini.

"Ya sala za kwetu. Mimi ni Myahudi."

"Ungeniambia mapema. Nilidhani unaniaga."

Walimvika nishani, wakampeleka chuo cha maofisa, akapanda taratibu hadi cheo cha meja. Kibati akakibadilisha, kikaandikwa dini yake. Alimwoa Gakii, muuguzi kutoka Meru aliyeingia dini hiyo baada ya masomo marefu, wakapata binti, Tirza.

Basi ukaja wakati ambao masinagogi ya Uingereza yalizidi kuwekewa walinzi kwa hofu ya mashambulizi. Waumini wa sinagogi lao dogo la kaskazini mwa London walimwomba Meja asimame mlangoni Jumamosi. Alikubali, kisha akakosa usingizi.

"Baba Tirza, umetoka vitani salama," Gakii alimwambia. "Mlango tu unakutoa jasho?"

"Kule nilikuwa na kofia ya chuma na watu wenye bunduki nyuma yangu. Hapa nyuma yangu mko ninyi."

Asubuhi moja ya Sabato, nyimbo zikisikika kutoka ndani, aliona mwanamume ng'ambo ya barabara akiwa na mfuko mkubwa mweusi. Alikuwa akienda na kurudi. Alitazama mlango, akatazama kando, akafuta jasho ingawa kulikuwa na baridi. Zephaniah alimkazia macho. Ghafla mtu yule akavuka, akauweka mfuko kwenye ngazi na kuondoka karibu anakimbia.

Meja akarudi nyuma hatua moja. Kwa kitambo alikuwa tena kwenye lile shamba la mahindi. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akawapigia polisi simu, ingawa siku hiyo simu haiguswi, kwa kuwa Sabato huvunjwa kuokoa uhai.

"Tokeni kwa mlango wa nyuma," aliwaambia waumini bila kupaza sauti. "Msikimbie. Wazee kwanza."

Gakii alipita akimshika bibi mmoja mkono. Tirza alisimama mbele ya baba yake. "Dad, unatetemeka."

"Nenda na mama yako," akamwambia, na hakutoka mpaka kiti cha mwisho kikawa kitupu.

Polisi walifunga mtaa, wakaulipua mfuko ule. Halikuwemo bomu. Vilipeperuka vipande vya karatasi zenye maandishi ya Kiebrania, na nyuzi nyeupe za shali ya kusalia.

Jioni mtu yule alirudi mwenyewe kuuliza kilichotokea. Aliitwa Cédric, Mkongomani anayeishi Peckham, kusini mwa London. Polisi walipomaliza kumhoji, Zephaniah alimsikia akijisemea Kiswahili, akamfuata.

"Kwa nini hukuniita, ndugu yangu?"

"Niliogopa, kaka. Muzee niliyekuwa nachunga alikufa, Muyahudi, hana mutoto. Aliniambia vitabu vyake vya sala na shali yake nilete hapa. Nafika, naona weye unaniangalia kama mutu wa kuua. Nikasema, niache tu nikimbie."

Zephaniah aligeuka akatazama ngazi. Alikuwa amefanya kila kitu kama alivyofundishwa, na bado urithi wa marehemu ulikuwa vipande vipande.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

"Hata mimi ningekuwa pale mulangoni, ningeogopa mimi," Cédric akajibu, lakini machozi yalimlengalenga.

Kwa desturi yao maandiko matakatifu yaliyoharibika huzikwa. Waliokota vipande walivyoweza, wakavifukia kando ya kaburi la mzee yule. Cédric alisimama mbali hadi Meja alipomsogezea sepetu, akatupia udongo naye.

Zephaniah bado husimama mlangoni. Hofu haijapungua hata chembe. Ila siku hizi mtu akisita ng'ambo ya barabara, yeye hutangulia kumsalimu, huku mkono mmoja ukiwa kwenye kitasa cha mlango.