Kurwa wa Ra, Kulwa wa La

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ila kabla sijaisimulia nipe kwanza shikamoo yangu. Marahaba. Najua mimi ni kidato cha nne tu na ndevu zangu bado ziko njiani, lakini aliyetunza seva ya shule hii huzeeka kabla ya wenzake. Mwakani utaitunza wewe, ndiyo maana nimekukalisha hapa.

Wanaiita wingu. Wingu lenyewe hilo hapo, kompyuta kuukuu chini ya meza, jirani na ndoo ya deki, inanguruma kama mashine ya kusaga. Shule nzima inahifadhi vitu vyake humo. Mwaka jana ilijaa mpaka ikagoma kupokea hata kazi za darasa. Kila nilipopita naitwa, "Fundi, wingu limejaa, mvua lini?" Nilichoka. Ukimwambia mtu afute vyake, anakwambia vyake ni muhimu. Ukifungua, ni video ya harusi ya binamu yake huko Mkolani, watu wanacheza tu mwanzo mpaka mwisho.

Mwalimu Masanja wa kompyuta unamjua. Ra na la kwake ni Kulwa na Doto, pacha wasiotofautishika. Anatufundisha "kufungua fairi", na mimi ndiye niliyekuwa namwigiza kuliko wote, mpaka wapishi wakawa wananiita jikoni niwachekeshe. Nilizoea kumgeuza. Akisema ra nasikia la, akisema la nasikia ra, bila hata kufikiri.

Siku hiyo alichungulia mlangoni, mikono imejaa madaftari. "Futa mafairi ya Kurwa. Upuuzi mtupu." Akaenda zake.

Sasa kwenye seva kulikuwa na majina mawili. Kurwa ni kaka mmoja aliyemaliza shule akatuachia rundo la filamu. Kulwa ni msichana wa darasani kwangu, anakaa Igogo. Wote wamezaliwa pacha, jina ni lilelile, tofauti ni karani aliyeandika cheti cha kuzaliwa tu. Mimi nikageuza kama kawaida: fairi ni faili, basi Kurwa ni Kulwa. Nikafungua vitu vyake. Magugu maji. Picha baada ya picha, mwamba uleule, maji yaleyale, majani yaleyale. Nikacheka peke yangu, huyu anafuga majani? Kweli upuuzi. Nikafuta. Na kwa kuwa kilichofutwa hukaa kwanza kwenye tupio na diski haipati nafuu, nikamwaga na tupio. Nikajiona fundi.

Kesho yake Kulwa alikuja kuchukua picha zake. Kumbe kila Jumamosi alikuwa anasimama kwenye mwamba mmoja ufukweni mwa ziwa, Igogo, anapiga picha palepale, aonyeshe magugu yanavyoingia na kutoka. Ilikuwa kazi yake ya mashindano ya sayansi. Simu ni ya mama yake, muuza dagaa pale sokoni Mwaloni, na haina nafasi, kwa hiyo akishapandisha picha kwenye seva anazifuta kwenye simu. Na aliyemwambia seva ni salama ni mimi.

Nilipomweleza hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliuliza tu, "We jamaa, Jumamosi zile utanirudishia?"

Nikakimbilia kwa Mwalimu Masanja na utetezi wangu. "Mwalimu, mimi nilidhani ni yale matamshi…"

Akavua miwani. "Niritamka nini?"

"Kurwa, mwalimu."

"Basi urisikia."

Akavaa miwani, akaendelea kusahihisha. Hata fimbo hakuigusa. Mwanangu, mara ile ra ilikuwa ra kweli, Kurwa yule wa filamu.

Mashindano yakapita bila Kulwa. Jumamosi iliyofuata nilimkuta juu ya mwamba wake, anaanza upya. Tangu hapo Jumamosi zangu ni zake. Wenzangu wako uwanjani Kirumba, mimi niko Igogo nanuka tope, nimeshika simu ya mama mtu, naye Kulwa ananisimamia: "Sogea kulia. Kulia! Umesikia, au unageuza?"

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kabla hujafuta kitu cha mtu, mfuate mwenyewe, akuonyeshe jina lake kwa kidole na akuambie kile ni nini. Weka nakala kwenye flashi. Tupio liache likae, halikudai chakula. Ukiona kitu ni upuuzi, kumbuka hujui kimeanza lini. Na mwalimu mwigize, sikukatazi, hata mimi juzi nimemwigiza. Lakini akikutuma, sikiliza alichosema, siyo unachomcheka.

Haya, shika ufunguo wa chumba. Mungu akujalie diski isiyojaa, umeme usiokatika ukiwa katikati ya kazi, na masikio yanayopokea jina la mtu kama wazazi wake walivyompa. Mimi acha nikalale. Kesho Jumamosi.