Pini Yenye Utepe Mwekundu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosimama mbele ya kamera za runinga nikiwa nimeshika rimoti ya roboti, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi, na mtu pekee aliyeweza kuniokoa alikuwa yule niliyekuja kumshinda. Nitakufikisha hapo. Lakini wacha nianzie Ngara, maana hadithi ikirukwa mwanzo mimi huona kama nimeibiwa.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha vipuri vya umeme mtaani Ngara. Niliuza mota za waipa za magari, betri, nyaya na makorokoro mengine niliyofungua kutoka kwa vitu vilivyokufa. Nilikuwa kijana mwenye maneno mengi na nywele nyingi, na vyote viwili nilivitunza sana. Wateja wangu walikuwa mafundi wa redio. Kwa hiyo mchana mmoja alipoingia mama wa makamo, sketi imepigwa pasi na viatu vya ofisi vinang'aa, nilidhani anatafuta duka la vitambaa. Akaokota mota ya waipa, akaizungusha kwa kidole karibu na sikio.

"Kijana, hii imekufa ama imelala?"

"Imelala tu, Daktari."

Akanikazia macho. "Nani alikuambia mimi ni daktari?"

Hakuna aliyeniambia. Wateja wote niliwaita daktari au mheshimiwa, ni mbinu ya biashara. Lakini huyu alikuwa daktari kweli, Daktari Muthoni, wa meno, mwenye kliniki yake mtaa wa Hurlingham, pale barabara ya Argwings Kodhek, juu ya duka la dawa. Alinunua mota ile, na tangu hapo kila Jumamosi akifunga kliniki alikuwa anakuja kwangu kupekuapekua.

Nilipomuuliza anajenga nini, alisema roboti ya kupigana. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kuna kituo cha runinga kimeanzisha mashindano, watu wanaleta mashine walizojitengenezea nyumbani, zinafungiwa ndani ya kizimba cha plastiki ngumu inayoonekana kama kioo, zinapigana mpaka moja ishindwe kusogea, au muda ukiisha waamuzi watoe pointi. Zawadi ni kikombe na makofi. Nikamuuliza, mtu mzima na heshima zake, anatafuta nini huko?

"Wafula, mimi watu wakiniona wanashika shavu. Wiki nzima nikishika koleo mtu analia. Nataka kitu moja kwa hii dunia ikiniona na koleo ifurahi."

Roboti yake aliiita Gego. Ilikuwa sanduku bapa la chuma lenye magurudumu, na mbele taya mbili alizozichora kwa kuiga koleo lake la kazi. Taya zile zingeweza kukunja mlango wa gari. Niliona zikijaribiwa nyuma ya nyumba yake, nikarudi hatua kadhaa bila kuambiwa. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa subira namna ile. Skrubu ikikataa haigombezi, anaisubiri.

Sasa sikiliza habari ya pini, kwa sababu kila kitu kinarudi hapo. Roboti za aina hii ni hatari hata zikiwa mezani, ndiyo maana silaha ya kila moja hufungwa kwa pini nene ya chuma yenye utepe mwekundu. Unaitoa wewe mwenyewe ndani ya kizimba, dakika ya mwisho, kisha unatoka na mlango unafungwa. Ukiisahau, roboti yako itatembea vizuri tu, lakini silaha haitafunguka. Ni kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya hata akitaka.

Daktari Muthoni alilifanya msimu wa kwanza, pambano la kwanza. Nilikuwa miongoni mwa watazamaji. Gego ilizunguka kizimbani imefunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa, huku roboti nyingine yenye nyundo ikiipiga kama ngoma ya kanisani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtangazaji, kijana wa suti ya kumeremeta, akamsogezea kipaza sauti.

"Daktari, aki nini imefanyika? Gego imekataa kufungua mdomo?"

"Gego iko sawa kabisa," akasema. "Ni mimi nimesahau kutoa pini."

Basi, jina likaanzia hapo. Kipindi kilipoonyeshwa, mji mzima ukamwita Daktari wa Pini. Ungekuwa utani tu kama angekuwa muuza mitumba, lakini huyu alikuwa mtu wa kuingiza sindano kwenye midomo ya watu. Wakaanza kuulizana: kama amesahau pini mbele ya kamera, kwa mdomo wangu atasahau nini? Siku moja nilipeleka mota kliniki nikakuta benchi la wagonjwa liko tupu na dada wa mapokezi anafuma sweta. Kliniki ile ilikuwa jasho la maisha yake yote.

Nikamwonea huruma, na kwa akili zangu za wakati huo nikampa ushauri. "Daktari, si ungesema tu rimoti ilikataa? Hakuna mtu angejua."

Alivua glavu pole pole. Alikuwa na tabia hiyo, akikasirika anapunguza mwendo.

"Na kesho nikivunja mzizi ya jino la mtu, Wafula, nitamwambia nini? Koleo ilikataa?"

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaangalia dari. "Inauma," akasema. "Usidhani haiumi. Lakini nikishinda hii kitu hata mara moja, wataacha kuniita hivyo. Watarudi."

Aliingia tena msimu wa pili. Safari hii nami niliingia, kwa kumpenda na kwa kumwonea wivu, vyote pamoja. Nilijenga roboti nikaiita Jembe. Ilikuwa fupi, mbele ina mkono bapa wa kuingia chini ya adui na kumpindua. Yeye mwenyewe alinifundisha kuunga nyaya vizuri, na wiki nzima alinikataza kugusa rangi kabla breki hazijafanya kazi. Nilitolewa mapema. Yeye alifika nusu fainali akashindwa kwa pointi, na watazamaji bado walikuwa wanaimba "Pini! Pini!" kila akiingia. Alikuwa anawapungia mkono.

Msimu wa tatu ukatangazwa kuwa wa mwisho, kipindi kinafungwa. Na fainali, mwanangu, ikawa Gego na Jembe.

Kule nyuma kwenye meza za matengenezo kuna desturi moja ambayo runinga haikuwa inaonyesha. Mpinzani wako akiharibikiwa, unamsaidia. Unampa waya, unampa skrubu, unamshikia tochi, kisha mnaingia kizimbani kuvunjana. Hakuna aliyetaka kushinda roboti ambayo haijiwezi. Asubuhi ile waya wangu mmoja uliungua, na ni Daktari aliyenikatia kipande kutoka kwa wake wa akiba. Mimi nilimshukuru, nikafunga kifuniko, nikaenda mbele ya kioo kuchana nywele. Usicheke. Nilikuwa nazo.

Tuliingiza roboti kizimbani. Kamera zikageuka kwangu nami nikazigeukia, nikatabasamu, nikapunga mkono, nikatoka. Mlango ukafungwa. Kila mmoja alikuwa na kitufe cha kuonyesha yuko tayari. Vikishabonyezwa vyote viwili, pambano linaanza. Na sheria ilikuwa kali: ukishabonyeza chako huwezi kuomba lolote. Ambaye hajabonyeza ndiye pekee anayeweza kusimamisha mambo. Nikabonyeza changu kwa mbwembwe. Ndipo nikaona utepe mwekundu ukining'inia chini ya mkono wa Jembe.

Bila mkono ule Jembe haikuwa na kitu. Na Gego ilikuwa na ubovu mmoja tu ambao mimi na Daktari tuliujua: taya zake ni nzito, ikipinduliwa haiwezi kuinuka. Kitu cha kuipindua kilikuwa kimefungwa kwa pini. Nikamtazama. Naye alikuwa anatazama utepe ule ule.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Watu walikuwa wanapiga miguu chini wakiimba jina lile lile la kumcheka, "Pini! Pini!", wala hawakujua wanachosema. Angebonyeza tu. Hakuna sheria ambayo angeivunja. Angeshinda, na jina lile lingehamia kwangu palepale, na Jumatatu benchi la kliniki lingejaa.

Akainua mkono juu ya kichwa.

"Ngojeni. Fungueni mlango. Jembe bado iko na pini."

Wimbo ulikatika. Niliingia kizimbani, nikachomoa pini, nikatoka bila kumtazama mtu. Kisha akabonyeza kitufe chake na tukapigana. Wala hakunihurumia, usidhani. Gego iling'ata gurudumu langu la kushoto ikalitoa lote kama jino la utotoni, na nilidhani nimekwisha. Lakini iliposogea kung'ata la pili ilipanda juu ya mkono wa Jembe, nikabonyeza rimoti. Gego ikalala chali, magurudumu yakizunguka hewani. Waamuzi wakahesabu. Nikapewa kikombe.

Nilimkuta nje akipakia Gego kwenye buti la gari. Macho yake yalikuwa mekundu. Nakuambia hili kwa sababu kuna watu hupenda kusema watu wema hawaumii. Alikuwa amelia. Alitaka kushinda kuliko nilivyotaka mimi.

"Daktari, hii ni yako," nikasema, nikimpa kikombe.

"Ulinipindua ama hukunipindua?"

"Nilikupindua."

"Basi beba kikombe yako uende nayo nyumbani. Na ukome kunitazama hivyo. Nilisema iko na pini kwa sababu ilikuwa na pini. Sikukukopesha kitu, huna deni."

Fainali ilionyeshwa Jumapili jioni. Wiki hiyo hiyo gego langu mwenyewe, la mdomoni, likaanza kunitesa. Huenda Mungu naye ana utani wake. Nikaenda Hurlingham na shavu limevimba, nikakuta benchi lina watu. Nikajibana mwishoni. Ndani alikuwa mzee mmoja wa kofia, ambaye dada wa mapokezi alininong'oneza kwamba tangu habari ya pini hakuwa amekanyaga pale. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, nikasikia.

"Daktari, hii jino itapona?"

"Haiwezi, mzee. Ungekuja mapema ningeiokoa."

"Basi ng'oa. Mtu amekataa kushinda kwa uongo Kenya nzima ikimwangalia, atanidanganya mimi ya nini?"

Nilisahau maumivu kwa muda, mwanangu. Muda mfupi, lakini nilisahau.

Jina la Daktari wa Pini halikuisha, lilibaki hivyo hivyo, ila watu walianza kulitamka kama wanavyotamka cheo. Aliendelea kung'oa meno na kujenga roboti hata runinga ilipotusahau. Leo amestaafu, yuko mji wa Kikuyu na mvi zake nzuri, na kila nikimpelekea mota bado anaizungusha karibu na sikio na kuniuliza kama imekufa ama imelala. Mimi nami nimekuwa mzee wa Ngara, vijana wanakuja kibandani kununua vipuri vya roboti zao na kunionyesha video kwenye simu. Video za ushindi tu. Nikiuliza za kushindwa ziko wapi, wanasema walizifuta.

Usizifute, mwanangu. Ukikosea, sema umekosea, mapema, kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hujaanza kutafuta rimoti ya kulaumu. Utachekwa, na itakuuma, halafu Jumamosi utarudi kutafuta mota nyingine. Na siku utakapoona pini kwenye roboti ya mwenzako huku mlango umefungwa na kidole chako kiko juu ya kitufe, inua mkono. Inua hata kama ndiyo nafasi yako ya mwisho. Kikombe changu cha siku ile nimekipangusa vumbi miaka mingi, lakini ninachowasimulia watoto ni mkono wake ulioinuka.

Mungu akubariki, aitulize mikono yako ufanyapo kazi na aulainishe moyo wako ushindwapo. Na siku utakaposahau pini, maana utasahau tu, akuwekee ng'ambo ya kizimba mtu kama Daktari Muthoni.