Doa Katikati ya Nyuzi

Fundi hajui kukaa. Mimi ninafagia viwanja vya klabu ya tenisi, na tangu nimfahamu anasuka nyuzi za raketi akiwa wima. Akishakaza uzi mmoja huzunguka meza mara mbili tatu bila sababu. Wiki ile ilizidi, maana Katibu wa klabu alikuja kumtwisha mzigo wa watu wengine.

"Uwanja mkubwa unapewa jina la bingwa," alisema Katibu. "Kamati haielewani. Wazee wanamtaka Kushoto, vijana wanamtaka yule binti anayebeba kombe siku hizi. Wewe umewasukia wote wawili, Fundi. Utakalosema ndilo litakalopakwa rangi Jumamosi."

Kushoto ni dada mkubwa wa Fundi, baba mmoja mama mmoja. Alibeba kombe miaka tisa mfululizo kwa raketi ya mbao na mkono wake wa kushoto. Sasa magoti yamekwisha, anaishi chumba cha nyuma kwa Fundi, na dirisha lake linatazama uwanja. Kwa miaka thelathini, ukimsifu bingwa yeyote mbele ya Fundi, anakukatiza: "Huyo kwa Dada angetapatapa." Nilimwamini nusu nusu, maana ndugu ni ndugu.

Mabishano ya kamati hayakumsaidia. Huyu anasema zamani mipira ilikuwa mizito na raketi ndogo. Yule anasema zamani wapinzani walikuwa wachache, tena wanatoka kazini wamechoka. Sasa hapo utapimaje? Siku mbili nzima Fundi hakushikika. Alisuka vibaya raketi ya daktari mmoja, akaifumua yote, kisha akamfokea daktari mwenyewe.

Siku ya tatu aliitungua raketi ya mbao kutoka kwenye msumari wake. Haijasukwa upya tangu fainali ya mwisho ya Dada. Mpira hula nyuzi pale unapogonga kila siku, na hilo mchezaji hawezi kulificha: doa likiwa dogo, shabaha ni kali. Nyuzi za Kushoto zilikuwa zimelika katikati tu, doa la upana wa kifuniko cha soda. Fundi akatabasamu. Kisha akachukua raketi nne za yule binti zilizoletwa kusukwa. Raketi za siku hizi zina uso mpana; hata ukipiga pembeni mpira unakwenda, kwa hiyo mtu anaweza kuzembea na asijulikane. Zote nne zilikuwa zimelika katikati kabisa. Doa lenyewe halikuzidi kifungo cha shati.

Alipima kwa rula, akatoka nje, akarudi, akapima tena, kana kwamba rula ingemwonea huruma. Niliuona uso wake na nikamhurumia mimi. Jioni alipeleka jibu kwa Katibu, halafu akaizunguka klabu nzima kabla ya kuthubutu kurudi nyumbani.

Yaliyofuata alinisimulia Dada mwenyewe. Alikuwa dirishani kama kawaida yake.

"Umemtaja nani?"

"Dada, chai umekunywa?"

"Usinizungushe. Nani?"

Fundi alibaki ameshika kitasa cha mlango. "Yule binti. Anaupiga katikati kuliko wewe. Nisamehe, Dada."

Kushoto akaelekeza kidole uwanjani. "Namwona hapa kila asubuhi. Nimejua tangu mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia? Siku tatu hizi sijala vizuri!"

"Nilitaka nikusikie wewe. Miaka thelathini unanisifu, mdogo wangu, na miaka thelathini mimi nadhani unanifariji tu." Alijifuta macho kwa kiganja, kile cha kushoto. "Leo hukunipendelea; kumbe na zamani ulikuwa unasema kweli."

Fundi akavuta kiti, akakaa.