Maharagwe Yenye Manyoya ya Mama Wati

Kama ulikulia Kakuma miaka ya tisini pamoja nasi, huhitaji kuambiwa jinsi mchanga ulivyounguza nyayo saa saba mchana, tukitoka shule pekupeku, tukiruka kutoka kivuli hadi kivuli kama panzi. Tukifika kwenye laga, ule mto mkavu, tulicheza kati, wawili wakirusha mpira wa soksi na wa katikati akiukwepa, mpaka koo zikakauka. Watoto wa siku hizi ukiwatuma dukani wanauliza kama kuna pesa ya boda boda.

Chakula chetu tulikijua: mahindi na maharagwe, kesho maharagwe na mahindi, na siku ya bahati nyama ya mbuzi. Kwa hiyo Mama Wati alipofungua hoteli yake, mji mzima ulienda kushangaa. Alikuwa ametoka Indonesia. Mumewe, Mkenya aliyekuwa baharia, alimuoa huko, kisha akaacha meli na kuja kwetu kutengeneza jenereta. Mtu wa bahari akamleta mkewe mahali ambapo hata dimbwi ni habari!

Hoteli yenyewe ilikuwa nguzo nne, paa la majani ya mkoma, benchi mbili na jiko la makaa. Lakini harufu yake! Mishkaki ya mbuzi iliyomwagiwa mchuzi mzito wa njugu, wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu, na pilipili ya kuponda kwenye jiwe iliyowahi kumliza dereva wa lori mbele ya turnboi wake. Kiswahili chake kilituchekesha. Meza aliita "meja", sabuni "sabun", na tulipomrekebisha alisema ndivyo wanavyosema kwao. Hatukumwamini hata kidogo.

Siku moja mimi na rafiki yangu Achol, ambaye wazazi wake walikuwa wamekimbia vita Sudan na kukaa katika kambi ya wakimbizi, tulizunguka nyuma ya hoteli kutafuta njugu za kuiba. Tukakuta sinia limefunikwa kitambaa. Tukafunua. Ndani kulikuwa na maharagwe yaliyoshikana kama tofali, yameota manyoya meupe kama sungura.

"Woi! Hii chakula imeoza!" Achol akasema.

Tulitimua mbio hadi bombani, na hapo mdomo wangu ukafanya kazi. Nilimwambia kila mwenye mtungi. Kufikia kesho yake ukungu ulikuwa umegeuka funza, na keshokutwa funza walikuwa na macho. Wateja wakaisha. Tulipita tukamwona Mama Wati ameketi peke yake, anafukuza nzi kwa kipande cha katoni, kisha akamwaga sufuria nzima ya wali kwa mbuzi. Achol akaacha kucheka.

Mama yangu aliuza maziwa karibu na hapo, na habari haikukawia kumfikia. Nilijiandaa kwa fimbo, lakini aliniuliza tu, "Akiru, hicho chakula ulionja?"

"Hapana, mama."

"Basi mdomo uliotangaza ndio utakaoonja."

Akanishika sikio saa sita mchana, wakati watu ni wengi, tukavuka barabara hivyo hivyo. Mbele ya Mama Wati nikaangalia vidole vya miguu yangu nikasema, "Ni mimi nilisema chakula yako imeoza."

Mama Wati akajifuta macho kwa pindo la leso. Kisha akachukua tofali la maharagwe yenye manyoya kama lile tuliloliona, akalikata vipande vyembamba, akavichovya kwenye maji ya chumvi na kitunguu saumu, akavitia kwenye mafuta. Watu wakajaa kuniona nikifa. Achol akaninong'oneza, "Ukikufa, naweza kuchukua rula yako?"

Nikafumba macho, nikatafuna. Nje kilivunjika kama andazi lililokauka, ndani kilikuwa laini, kina ladha ya nyama na njugu kwa pamoja. Nikameza. Nikanyoosha mkono kuomba kingine, lakini Achol alikuwa ameshakinyakua.

"Kwetu hii inaitwa tempe," Mama Wati akasema. "Maharagwe tunaacha yaote ukungu makusudi. Chakula ya watu maskini. Mama yangu alinifunza. Wewe ungeuliza tu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Dereva mmoja akaketi akaagiza, "Mama, niletee hiyo ya manyoya," na jina likashika. Kuanzia hapo kila Jumamosi mimi na Achol tulimenya maharagwe yake, bila kulazimishwa na mtu, tukilipwa vipande vya moto.

Baada ya miaka michache mumewe alipata kazi Pwani, wakahama. Siku ya kuondoka kwao Achol alilia waziwazi. Mimi nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Leo naishi Kanamkemer, Lodwar. Wanangu wanajua kwa simu sura ya kila chakula duniani, mpaka supu za Korea. Jirani yetu mpya, mama wa Kikongo, hupika kitu chenye harufu inayovuka ua kila jioni, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinua pua. Enzi zetu tungekuwa tumeshapanda ukuta. Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikachukua sahani ya mandazi, nikavaa ndala niende nikabishe hodi. Kijana wangu akainua macho kwenye simu, ameshtuka kweli kweli.

"Mama, unaenda hivyo tu? Hujamtumia meseji?"