Mahamri ya Mama Kadzo

Nakumbuka asubuhi moja hapa Chaani, baba yako Bakari aliporudi kutoka kazini kabla jua halijapanda. Mwanangu, nilipomwona tu, nikajua. Kiwanda chao kilishona nguo za kupeleka Marekani, na benki za huko zilikuwa zimeanguka. Oda zikakatika, wakaambiwa warudi majumbani.

Redioni waziri akasema serikali itatoa pesa zaidi, itachimba mitaro, vijana wapate vibarua. Baba yako akasonya.

"Serikali haina kitu, halafu yataka kutumia zaidi! Hapa kwangu haitoki hata shilingi."

Nami, kwa woga, nikaona yuko sawa. Tukaacha kununua mahamri kwa Mama Kadzo, jirani yetu wa mlango wa pili. Mtaa mzima ukafanya vivyo hivyo.

Baba yako akaitoa cherehani yake nje barazani, akangoja wateja wa kushonewa. Alingoja wee! Hakuja mtu. Mara tukamwona Mama Kadzo anafunga virago arudi kwao Kaloleni, na watoto waache shule.

Nyanya yako Bi Rukia, mama yake Bakari, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Bakari!"

"Labeka, mama."

"Wewe wangoja Mama Kadzo akuletee nguo. Mama Kadzo angoja ununue mahamri. Sasa nani aanze, mimi?"

Baba yako akainuka. Kisha akavuka ua, akanunua mahamri. Bi Rukia akapita nyumba kwa nyumba akiwasuta wengine. Haikuwa miujiza, tulikula mbaazi mpaka tukazichukia. Lakini Mama Kadzo alifungua virago vyake, na juma lile akaleta kaptura za wanawe zilizochanika. Ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya cherehani ile.

Mwanangu, leo bei zapanda tena, na moyo wangu hautulii. Punguza anasa, sikukatazi. Hiyo simu mpya ingoje. Ila usianze kubana kwa mtu anayeishi kwa kazi unayompa. Nimesikia umemwambia Mama Kadzo asije tena kukufulia. Yeye yule, mwanangu! Hela za kaptura zile ndizo zilizokununulia viatu vya darasa la kwanza.

Mwite arudi, leo hii. Mola akupe riziki isiyokatika, akuondolee hofu, na watu wa mlango wa pili wasikose kukuombea heri. Amin.