Unga wa Mama Mkwe

Nimekosa mimi, shetani nisimsingizie. Niiteni Mama Neema, ingawa si jina langu. Naishi huku Mtinko, na haya ninayoandika hata mume wangu hayajui.

Nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza. Nia yangu ilikuwa kununua alizeti wakati wa mavuno, niweke magunia ndani, niuze bei ikipanda. Bei haikupanda jamani! Ilishuka, na panya wakaanza kula kabla yangu. Rejesho lilikuwa kila Jumatatu. Ukichelewa wanakuja na pikipiki, wanabeba godoro majirani wakitazama. La jirani yangu nililiona kwa macho yangu likifungwa kamba.

Basi nikaamua kubana. Nikafuta sukari, nikafuta dagaa, tukawa watu wa ugali na mlenda wiki nzima. Kuku wanne wa mama mkwe nikawauza gulioni. Sikumwomba, nilimwambia tu. Unga nikaufungia chumbani kwangu, nikawa nampimia kila mtu kwa kikombe.

Ningeishia hapo nisingekuwa na la kuungama. Huku kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana. Mtu akifa, kila nyumba inatoa unga na kuni, na akina mama tunalala msibani siku tatu tukipika. Nikawaza, siku tatu bila kuuza nyanya, biashara yangu ya kila siku, rejesho nalitoa wapi? Nikajitoa kwenye grupu la simu kimya kimya. Ukitokea msiba nafunga mlango, nasema mgongo unauma.

Mama mkwe, mzee wa kutembelea fimbo tuliyekuwa tukiishi naye, akaniita. "Mwanangu," akasema, "mkanda funga, lakini watu usiwafungie nje."

Nikamjibu ovyo. "Mama, hao watu ndio watanilipia deni?"

Wiki ileile mama mkwe akasema tumbo lake halitaki tena ugali wa jioni, nimpe fungu lake likiwa unga mkavu, atakoroga uji akisikia njaa. Mungu anisamehe, nilifurahi! Uji hauli unga mwingi, kwa hiyo nikawa nampa nusu kikombe, nikaona nimeokoa nusu nyingine.

Misibani alikwenda peke yake, na kifurushi chake kwenye kanga. Sikuuliza kina nini. Nilimwona anakonda, gauni linamning'inia, nikajisemea ni uzee.

Deni nikalimaliza. Haikupita wiki mbili, asubuhi moja mama mkwe hakuamka.

Nililia, na si kwa uchungu tu. Nilijua hakuna atakayekuja kupika wala kulala msibani. Huku asiyezika wenzake husaidiwa kuchimba kaburi tu, wakishafukia kila mtu anaenda kwake. Kumbe! Jua halijawa kali, uwanja umeshajaa. Masufuria ya chama, kuni, maturubai, unga wa kutosha. Nilidhani wamekosea nyumba.

Siku ya kuanua tanga mwenyekiti wetu wa akina mama akasimama mbele ya watu wote.

"Mama Neema tulimsema vibaya," akasema. "Kumbe mgongo ndio ulimzuia. Hakuna msiba ambao hakumtuma bibi na unga. Na bibi kila akifika anatuambia, huu umetoka kwa mkwe wangu."

Mume wangu akanishika mkono, analia, ananishukuru. Mimi nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi. Ningesema palepale ningekuwa huru leo. Sikusema.

Nilipokwenda kusafisha chumba chake nikakuta kopo chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na unga, vikombe viwili hivi. Alishaanza kukusanya wa msiba mwingine. Nilikaa chini nikalia mpaka nikaishiwa sauti.

Sasa wamenichagua nitunze vyombo vya chama. Funguo ninazo mimi. Nikitaka kunyanyua sufuria wananikimbilia, wanasema, "Acha mama, mgongo wako." Mgongo wangu haujawahi kuuma hata siku moja! Nikiacha uongozi wataniuliza sababu, na sababu ndiyo hii. Nikiendelea, napokea sifa za marehemu kila msiba. Mume wangu naye akigombana na ndugu zake ananitolea mfano mimi, jinsi nilivyomtunza mama yao. Nitatokea wapi?

Wewe unayebana matumizi sasa hivi, bana, deni ni deni. Ila mtu wa nyumbani kwako akikuambia hasikii njaa, usifurahi haraka kama mimi. Mwekee sahani yake mbele yake, kaa hapo, mpaka umwone anakula.