Mluzi Kwenye Mteremko wa Ambatoloaka

Madereva wa teksi wa Nosy Be wote walizima injini kwenye mteremko, lakini hakuna aliyeizima mapema kama Tadjiddine. Alikuwa akikaribia tu kilele cha barabara iendayo Ambatoloaka, huku wenzake bado wanakanyaga mafuta, yeye ameshageuza ufunguo. Gari lilikuwa Renault 4, lile dogo la bati jembamba ambalo kwao huitwa katreli, na uzito wake haukuwa wa kutisha. Lilimalizia kilima kwa nguvu iliyobaki, likasita kidogo pale juu kama mtu anayetafuta viatu vyake, kisha likaanza kuteremka lenyewe, kimya, mpaka kwenye minazi ya kwanza ya kijiji.

Msimwite bahili. Miaka hiyo ya themanini petroli ilikuwa ya kubahatisha; leo ipo, kesho hamna, keshokutwa imefika lakini imeshagawiwa wakubwa. Dereva aliyejua kuteremka bure ndiye aliyepeleka kitoweo nyumbani. Abiria wenyeji walijua desturi hiyo. Injini ikizimwa na wao hushusha sauti, wakasikia ndege na upepo dirishani. Wageni tu ndio walioshika mlango.

Rabiata alikuwa mgeni siku aliyopanda mara ya kwanza. Alikuwa amevuka asubuhi kutoka Nosy Komba na furushi la vitambaa alivyotarizi mwenyewe, akitaka kuviuza kwenye zile hoteli chache zilizokuwa zimeanza kuchipuka Ambatoloaka. Akaketi mbele, dumu la petroli miguuni pake, kwa sababu tangi la katreli lilikuwa limetoboka zamani na petroli ilinyonywa moja kwa moja kutoka kwenye dumu kwa mpira. Injini ilipozimika pale juu, binti wa watu akafumba macho akapiga shahada kwa sauti.

"Haijafa," Tadjiddine akamwambia. "Inapumzika."

"Ungenitangulia kuniambia, na mimi ningepumzika," akajibu Rabiata, macho bado ameyafumba.

Tadjiddine akacheka mpaka wakafika chini, na kabla ya mvua za mwaka ule kuisha walikuwa wameoana.

Katreli yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Msa, mdogo wa baba yake, na Tadjiddine aliitunza kama kitu cha mtu. Walikuwa wakiishi Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, mpaka mwisho wa mwaka sabini na sita, mji ulipowageuka Wakomoro wake na watu wengi wakauawa. Walionusurika walisafirishwa kwa maelfu kurudishwa visiwani, wengi wao visiwa ambavyo hawakuwahi kuviona. Msa alikuwa miongoni mwao. Tadjiddine alibaki kwa sababu mama yake alikuwa Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, na nduguze walimficha. Kabla ya kuondoka, Msa alimtia ufunguo mkononi akasema, "Nitunzie. Nikirudi nitataka kuikuta inawaka." Hakurudi. Alifia Ngazija, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa Tadjiddine. Mwaka sabini na nane aliipandisha katreli barabara ya kaskazini, tope mpaka mlangoni, akaivusha kwa tishari hadi Nosy Be, kutafuta mahali ambapo hakuna ambaye angemwuliza yeye ni nani.

Sasa mtu aeleze jinsi Rabiata alivyolipenda gari hilo, ataambiwa anatia chumvi. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akitia kaa la moto katika chetezo, akaweka udi, akakiingiza garini na kufunga madirisha yote, naye ndani. Aliifukiza udi kwa baraka na kwa kuondoa harufu ya petroli. Akitoka humo macho mekundu, nguo zinanukia, Tadjiddine alimwambia ameifanya katreli kuwa bibi harusi. Na mchana wakielekea Ambatoloaka na vitambaa, mumewe akizima injini pale juu, Rabiata alianza kuimba kasida polepole. Huo ndio wakati wao wa kuzungumza. Ugomvi wote wa nyumbani uliamuliwa kwenye mteremko ule, na jina la binti yao, Halimati, lilichaguliwa hapo.

Miaka ikaenda. Hoteli zikajaa pwani yote, Halimati akasoma akawa mwalimu wa fizikia, na kazi ikampeleka Mahajanga. Alipangisha nyumba Mangarivotra kulekule, na baba yake akamtaka amweleze kila mlango wa mtaa umebaki vipi.

Halafu mluzi ukaanza.

Tadjiddine aliusikia mara ya kwanza kwenye mteremko, injini ikiwa imezimwa na Rabiata kando yake. Fii, kimya, fii. Mwembamba, kama upepo unaopenya penye tundu. Dereva aliyeishi na gari moja maisha yake yote hawezi kulala na sauti asiyoijua. Siku ya pili akabadilisha mpira wa mlango. Mluzi ukabaki. Akaziba dirisha, akakaza boneti, akaifungua kabureta akaisafisha kwa mswaki wa mkewe, jambo lililomletea maneno makali. Akawa anapita mteremko ule peke yake akitega sikio, na mluzi haupo. Akimpakia Rabiata, upo. Akaamua kwamba kiti cha mbele kimelegea, kikibeba mtu kinafungua ufa mahali. Akaking'oa kiti, akakichomelea upya, akamwita mkewe aketi.

"Zima injini," Rabiata akasema, akimdhihaki, "tumsikilize mgonjwa wako."

Gari lilikuwa limesimama uani, halitikisiki, upepo hakuna. Fii, kimya, fii. Tadjiddine akainama karibu na kiti, akasogea, akasogea tena, mpaka sikio lake likawa juu ya kifua cha mkewe.

Hakuinua kichwa haraka. Rabiata aliweka mkono juu ya kofia yake akasema, "Mimi nilidhani unajua."

Daktari wa Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, alisema ni pumu iliyokomaa. Akataja moshi wa makaa, mvuke wa petroli, moshi wa gari, na alipoambiwa habari ya udi na madirisha yaliyofungwa, akashika kichwa. Moshi wa aina yoyote, akasema, kwake sasa ni sumu. Tadjiddine alirudi nyumbani akiwaza ni mara ngapi injini yenye kishindo ilikuwa imemfichia pumzi ya mwenzake. Jioni hiyo akaitandikia katreli turubai, akamwomba Msa radhi kimoyomoyo, akatundika ufunguo msumarini.

Ikatokea kwamba Zoubeiri, mwenye hoteli moja ya Ambatoloaka, alikuwa ameleta gari la umeme la kubebea wageni, na alitaka dereva mtu mzima asiyependa mbio. Tadjiddine alikubali kabla hajaulizwa mara ya pili. Gari lisilo na moshi! Alikuwa akirudi nyumbani nguo zake hazinuki kitu, anamwachia Rabiata amnuse kola, naye humpa cheti kwa kukohoa au kutokukohoa.

Siku yake ya kwanza alifanya lile ambalo dereva wa katreli tu angelifanya. Alifika kilele cha Ambatoloaka na wageni wawili nyuma, mkono ukaenda wenyewe, akageuza ufunguo. Usukani ukawa mgumu kama umeshikwa na mtu, breki nazo zikawa nzito. Kwa bahati gari lilikuwa bado polepole, akalisimamisha pembeni, jasho linamtiririka. Zoubeiri alipomfundisha kwamba gari hili likiteremka linarudisha umeme ndani ya betri, kwa hiyo mteremkoni ndipo lisipofaa kuzimwa kabisa, Tadjiddine alimkodolea macho kisha akacheka. Maisha yake yote alikuwa akiteremka bure, na leo anaambiwa mteremko unalipa.

Furaha hiyo ilidumu mpaka umeme wa mji ulipokatika adhuhuri moja. Kawaida mlinzi ndiye aliyelichomeka gari jioni, lakini siku ile betri iliisha mapema naye hakuwapo, na Tadjiddine akalipeleka mwenyewe nyuma ya hoteli, ng'ambo ya ukuta uliopakwa chokaa upande mmoja tu. Huko akakuta jenereta la dizeli linanguruma, bomba lake linatema moshi mweusi, na waya mnene unatoka pale kuja mpaka kwenye gari lake lisilo na moshi. Upepo wa bahari ulikuwa ukiusukuma moshi moja kwa moja kwenye dirisha la kibanda cha Hachimia, mama kijana aliyefua mashuka ya hoteli. Alikuwa amekaa kizingitini amempakata mwanawe, akimpepea kwa upande wa leso.

"Karibu, Bako," akamwambia, kwa heshima wanayopewa wazee. "Usimwamshe tu, ndiyo kwanza amesinzia. Umeme ukikatika hawezi kulala, kifua kinambana."

Tadjiddine alisimama akasikiliza. Fii, kimya, fii.

Hakuchomeka gari. Alirudi nyumbani kwa miguu.

Halimati alikuwa amekuja likizo kutoka Mahajanga, na Tadjiddine alipokwisha kusimulia aliyoyaona, yeye ndiye aliyeulizwa. Nyumbani walizungumza Kikomoro kilichojaa maneno ya Kimalagasi, na hesabu ilipokuwa ngumu Halimati alikimbilia Kifaransa, mamake akimrudisha.

"Niambie kweli, mwanangu," Tadjiddine akasema. "Gari lipi baya zaidi, lile la zamani au hili?"

Halimati hakukimbilia kujibu. "Katreli ni nyepesi, baba. Gari jepesi halili mafuta mengi, na wewe ulilijaza watu sita na vikapu vyao. Lakini ni la zamani, halina cha kuchuja moshi, linautema usoni mwa watu. La umeme ni zito kwa ajili ya betri. Madini yake yamechimbwa mbali, viwanda vimewaka kulitengeneza. Limekuja duniani na moshi wake tayari. Likila umeme wa jua, miaka michache linaufidia ule moshi, na baada ya hapo linaiacha katreli mbali sana. Likila dizeli ya jenereta, kama siku ya leo, tofauti inakuwa ndogo. Moshi unahama nyumba tu."

Rabiata alikuwa amekaa mkekani, uzi wa kutarizi mkononi. Akaweka sindano chini.

"Kwa hiyo moshi wangu umehamia kwa mtoto wa Hachimia," akasema.

Tadjiddine alitazama ufunguo wa Msa msumarini, akaugusa wa hoteli mfukoni, na akaona aibu ya zote mbili.

"Sitaki kupumua kwa zamu ya mtoto wa watu, Baba Halimati," Rabiata akaendelea. "Kesho nenda kaseme na huyo bwana. Kwa upole, si kwa ile sura yako."

Akaenda, na ile sura akaiacha nyumbani. Alimweleza Zoubeiri habari ya mtoto, na ya mkewe pia, ingawa hakukusudia. Halimati alikuwa amefuatana naye, na ndiye aliyetazama juu ya paa na kuuliza sola zile ni za nini. Za kupasha maji na kuwashia taa za bustani, Zoubeiri akasema, na mchana kutwa umeme wake haumalizwi. Lakini mchana gari linatakiwa na wageni.

"Mchana wageni wako wako kwenye maboti, wameenda Nosy Komba kutazama komba," Tadjiddine akasema. "Mimi nalala kivulini."

Zoubeiri akajikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amewahi kufika nyuma ya ukuta wake wakati jenereta linawaka, basi. Alikwenda kwa Hachimia akamwona mtoto. Tangu siku hiyo gari likawa linakula jua saa ambazo wageni wako baharini, na bomba la jenereta likageuzwa likainuliwa juu ya paa. Jenereta halikuondoka. Umeme ukikatika, majokofu ya samaki bado yalilitaka, na Tadjiddine alimwambia mkewe hivyohivyo bila kupamba. Lakini gari lake halikuliongezea tena kazi, na mtoto akaanza kulala adhuhuri.

Katreli nayo Halimati aliisafirisha Mahajanga, mpaka Mangarivotra, ikasimama uani mwake, injini imeng'olewa isitoe moshi tena, kuku wanalala ndani. Tadjiddine ndiye aliyetaka. Alisema Msa aliiacha mtaa ule, na kama haiwaki, angalau imerudi.

Zoubeiri akamruhusu kumchukua Rabiata kila Ijumaa kwenda Ambatoloaka kumwona Hachimia na mtoto. Ijumaa ya kwanza, Rabiata alitoka nyumbani mikono mitupu, akasimama mbele ya mlango wa gari kama mtu aliyesahau kitu. Udi ulikuwa umekatazwa. Tadjiddine akamfungulia mlango. Juu ya dashibodi alikuwa ametandika maua ya langilangi, ya manjano, yamechumwa alfajiri kabla jua halijayanyang'anya harufu, na gari zima lilikuwa likinukia bila hata chembe ya moshi.

Rabiata alikaa, akavuta pumzi kidogo, kisha akavuta nyingine ndefu. Machozi yakamlenga, naye hakuyaficha.

Wakapanda kilima. Pale juu mkono wa Tadjiddine ukaanza kuuelekea ufunguo, na Rabiata akauwahi, akaushika na kuubakiza katika kiganja chake. Gari likaanza kuteremka. Akaanza kasida yake ya zamani, akaimba ubeti mmoja, akaishiwa na pumzi, akanyamaza. Katika kimya kile Tadjiddine akausikia mluzi. Ulikuwapo bado, mdogo, unakwenda na kurudi. Aliusikiliza mteremko mzima, unavyokwenda, na hasa unavyorudi.

"Unasikiliza nini?" Rabiata akauliza.

"Gari."

"Mwongo wee. Hili gari halina sauti."

"Ndiyo," Tadjiddine akasema. "Ndiyo maana nalipenda."